Kompyuta Kuukuu Iliyolazimishwa Kukimbia

Ndugu zangu na majirani zangu, nawaomba masikio yenu kidogo. Jambo ninalotaka kuwasimulia halikuanza kwa ulevi, wala ugomvi, wala mtu wa nje kuingia katika ndoa ya watu. Lilianza kwa mume aliyetaka kumrahisishia mkewe kazi. Ndiyo maana nasema tulisikilize vizuri, maana mabaya mengine huingia nyumbani kwa mlango wa mbele, yamevaa vizuri, na sisi wenyewe ndio tunaoyakaribisha kiti.

Ilikuwa saa kumi jioni katika nyumba moja ya vyumba vitatu. Mama mwenye nyumba alikuwa ameketi mbele ya kompyuta akiandika. Binti yake wa miaka kumi na miwili alikuwa amekunja miguu sakafuni, anamsomea kitabu cha historia kwa sauti, na kila akifika mwisho wa sentensi anatamka "nukta!" kama askari anayetoa amri. Baba alikuwa amejilaza kwenye kochi, mto chini ya kiuno.

"Sivyo linavyosomwa neno 'mapinduzi'," baba alisema. "Umelisoma kama jina la dawa ya kikohozi."

Wakacheka wote watatu. Ilikuwa nyumba ya kucheka, hiyo.

Mtaani mama huyu walimwita Mama Nukta. Kazi yake ilikuwa kuvigeuza vitabu na mitihani kuwa maandishi ya nukta nundu, yale ya vinundu ambayo wasioona huyasoma kwa ncha za vidole. Shule ya jirani ilikuwa na watoto kumi na wanne wasioona, na karibu kila walichosoma kilipita mikononi mwake. Aliandika maneno kwenye kompyuta, programu ikayageuza, kisha akapeleka faili shuleni, ambako mashine maalumu ilichapa vinundu kwenye karatasi nene. Kitabu cha historia peke yake kilikuwa kimemlia mwaka mzima na miezi.

Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu, ya mezani, kubwa kama sanduku la bati, iliyotolewa na ofisi iliyokuwa inabadilisha vifaa. Kugeuza kitabu kimoja kuliichukua dakika arobaini na ushee. Muda huo Mama Nukta aliupenda kuliko alivyokiri. Ndipo alipobandika chai, ndipo alipomsuka binti yake nywele, ndipo alipokaa tu akautazama ukuta. Alikuwa mtu aliyechoka kwa muda mrefu, na dakika arobaini za kungoja mashine zilikuwa mapumziko pekee ambayo hakuna aliyemwonea gere.

Mumewe alikuwa fundi umeme, na kila mtu alimwita Fundi. Miaka ishirini alikuwa ametandaza nyaya katika nyumba za watu, simu yake haipoi. Kisha akateleza kwenye ngazi, akaangukia mgongo. Daktari akamwambia asiinue kitu kizito mpaka atakapoambiwa vinginevyo. Miezi minane ikapita. Wateja wakapata fundi mwingine, simu ikanyamaza, na mtu aliyezoea kuitwa sehemu tatu kwa siku akabaki anahesabu mbao za dari. Tusimhukumu haraka. Kukaa bila kuhitajiwa ni maradhi, japo hayaonekani kwenye picha ya eksirei.

Katika simu hiyo iliyonyamaza ndimo alimolikuta kundi. Lilikuwa kundi la watu wanaozikimbiza kompyuta zao kupita kasi zilizopangiwa kiwandani. Mtu unaingia kwenye mipangilio ya ndani, unapandisha namba, mashine inakwenda mbio zaidi. Kisha unaipima kwa programu inayokupa alama, unazibandika kundini, na wenzako wanakupongeza. Kompyuta mpya yenye kisanduku imara cha kuigawia umeme huenda ikavumilia. Lakini kasi haiji bure. Mashine ikikimbia inadai umeme mwingi zaidi, na inatoa joto zaidi. Fundi alilijua hilo kuliko wengi, na ndilo linalonisikitisha hadi leo.

"Mama watoto," alimwambia mkewe siku moja, "mashine hii inalala tu. Nipe nusu saa, nitakufanya umalize kazi mapema."

Alipandisha kidogo. Dakika arobaini zikawa thelathini na mbili. Mama Nukta alifurahi kweli, wala hakujifanya. Hata akamwambia mwalimu wa darasa la wasioona, alipokuja kuchukua kazi, kwamba mumewe amefanya maajabu. Fundi alisikia akiwa kochini. Kwa mara ya kwanza tangu aanguke, aliinuka mwenyewe kumsindikiza mgeni mlangoni.

Laiti angeishia hapo.

Siku ile aliweka alama zake kundini. Watu asiowajua wakamwandikia, "Kwa mashine ya zamani hivyo? Wewe ni bingwa!" Kesho yake akapandisha tena. Wiki iliyofuata akaondoa ubavu wa kompyuta na kuweka feni ya mezani iipulizie tumboni. Ikabidi Mama Nukta aandike akiwa amevaa sweta, maana feni ilimpuliza na yeye. Kelele ikawa nyingi hata binti akawa anasoma kwa kupaza sauti, na kufikia ukurasa wa nne sauti imekauka.

"Baba watoto, mimi nimetosheka na ile ya kwanza," mkewe alisema.

"Bado alama mia mbili nimpite jamaa mmoja hivi."

"Jamaa gani?"

"Humjui. Hata mimi simjui."

Mama Nukta akafunga vifungo vya sweta yake. Akarudi kuandika.

Asubuhi moja alitafuta drili ya mumewe ili jirani atobolee ukuta, hakuiona. Fundi alikuwa ameiuza akanunua kadi ya picha iliyotumika, kifaa cha kuongezea alama. Drili ile ndiyo ingemrudisha kazini mgongo ukipona.

"Sasa utafanyia nini kazi?" aliuliza.

"Kazi gani? Nani ananiita?" Fundi alijibu, akageukia skrini.

Kuanzia hapo mashine ikaanza kuzimika yenyewe. Mama Nukta anaandika, mara skrini inakuwa nyeusi, na kurasa mbili za jasho zimekwenda na maji. Alipouliza, mumewe alisema, "Ni umeme wa mtaani, unapanda na kushuka." Alimwamini. Ungekuwa wewe usingemwamini? Mtu ana miaka ishirini katika umeme. Lakini taa ya chumbani haikuwahi hata kupepesa, na binti ndiye aliyeona.

"Mama, mbona taa haizimiki?"

Fundi akamwambia mtoto akasome.

Mwalimu wa darasa la wasioona, ambaye naye haoni, alipofika tena kuchukua kazi, alisimama kizingitini akainamisha kichwa. "Shemeji, mashine yenu inapiga mluzi," alisema. "Na kuna harufu ya plastiki iliyopata moto. Mnaisikia, au mmeizoea?"

Walikuwa wameizoea.

Mama Nukta akaibeba kompyuta kwenye toroli mpaka kwa fundi wa kompyuta, dada mmoja mwenye miwani aliyekuwa na kibanda karibu na soko. Fundi alimfuata, mkono kiunoni, ili asisemwe vibaya nyuma ya mgongo wake. Yule dada akafungua skrubu nne, akakitoa kisanduku cha umeme, akakipima kiganjani kama mtu anayepima kitunguu.

"Kibandiko kinasema wati mia tano," alisema. "Chuma chepesi hivi? Mkipata mia tatu mshukuru Mungu. Hiyo kadi peke yake inakula karibu nusu yake. Halafu mmeipandisha kasi. Mzee wangu, angalieni hapa, hizi kapasita, vikopo hivi vidogo vya kutunza umeme, zimeshavimba vichwa. Rudisheni kasi ya kiwandani, toeni kadi, mbadilishe kisanduku. Mkiendelea hivi kitapasuka, na kikipasuka hakifi peke yake. Kitaua na diski inayotunza kazi zenu zote."

"Binti, mimi umeme nimeanza kuushika wewe hujazaliwa," Fundi alisema.

"Ndiyo, mzee. Basi niambie, mteja wako akitaka kuchomeka jiko, pasi na hita kwenye waya mmoja mwembamba, unamwambia nini?"

Fundi aligeuka akatoka kibandani. Njiani kurudi alisema dada yule anataka tu kuwauzia kisanduku kipya.

Mama Nukta alichoka kubishana, na mimi simlaumu. Alifanya alichoweza. Kila Ijumaa alinakili kazi zake zote kwenye flashi moja nyekundu, akaiweka kwenye kopo la nyuzi na sindano. Kisha mitihani ya mwisho wa mwaka ikakaribia. Shule ikampa karatasi saba za kugeuza, zifike Jumatatu mchana kwa ajili ya watoto wanne wa darasa la mwisho. Jumamosi asubuhi alikuwa amemaliza karatasi ya saba. Ilibaki kuzipitia tu. Akaitwa shuleni kwa kikao kifupi na mwalimu mkuu.

"Nakuomba kitu kimoja," alimwambia mumewe akiwa anafunga kilemba. "Usiiguse leo. Kuanzia Jumatatu jioni ifanye unachotaka, hata uirushe dirishani. Leo usiiguse."

"Nimekusikia, mke wangu."

"Umesikia au umenielewa?"

"Vyote viwili."

Hakuwa anadanganya wakati anasema. Alikaa kochini saa nzima, mikono magotini. Kisha simu ikalia mlio wa kundi. Walikuwa na mashindano ya mashine za zamani, yanafungwa saa nane mchana, na jina lake lilikuwa la pili. Wakamwambia iko programu mpya ya mipangilio itakayompa kasi zaidi, ila lazima iwekwe kwenye flashi. Akakumbuka kopo la nyuzi. Programu ikamwonya kwamba kila kilichomo kwenye flashi kitafutwa. Akajisemea, "Kazi zote si zimo kwenye kompyuta? Nitazinakili tena nikimaliza." Akabonyeza ndiyo.

Saa saba na nusu aliipandisha namba kuliko siku zote, akaanzisha kipimo. Feni zikapiga yowe. Alama zikapanda, akasogea mbele kwenye kiti, mgongo wote ameusahau. Kisha kukatoka mlio mmoja mkavu, kama mtu amepasua ubao, na moshi mweusi ukatoka nyuma ya meza. Cheche zikaruka kwenye pazia. Pazia likashika moto.

"Baba!" binti alikuwa mlangoni na daftari lake mkononi.

"Toka nje! Toka!"

Hapo tumpe haki yake. Alijirusha kwenye swichi kuu akakata umeme wa nyumba nzima, akalivuta pazia kwa mikono akalikanyaga mpaka likazima. Aliokoa nyumba. Lakini mgongo ukashika palepale, akaanguka magoti, na majirani ndio waliomtoa nje wakimshika makwapani.

Mama Nukta alirudi akakuta watu uwanjani. Hakuuliza moto ulianzaje.

"Mtoto yuko wapi?"

Binti akamkimbilia, mzima. Mama akamshika kichwa kwa mikono miwili kwa muda. Kisha akaingia ndani, akatazama ukuta mweusi, akafungua kopo la nyuzi. Akatoka tena.

"Flashi iko wapi?"

Fundi, akiwa amelala juu ya mkeka, viganja vimebabuka, alifumba macho. "Niliifuta," alisema. "Nilidhani nitarudishia."

Watu walingoja Mama Nukta apige kelele. Aliketi kwenye kizingiti akavua viatu, kimoja kimoja.

"Nitukane basi," Fundi akasema. "Mke wangu, nitukane."

"Sina hasira," alijibu. "Nimechoka. Hasira inataka nguvu."

Kompyuta ilipelekwa kwa yule dada mwenye miwani. Akaifungua, akatikisa kichwa. Diski ilikuwa imekufa, na kitabu cha historia cha mwaka na miezi kimekufa nayo, isipokuwa sura tatu za kwanza zilizokuwa zimeshachapwa.

Mitihani ilikuwa bado ipo kwenye karatasi za kawaida, zile alizopewa na shule. Jumapili asubuhi mwalimu wa darasa la wasioona alikuja na mashine mbili za mkono za nukta nundu, zile za chuma zenye vitufe sita, unabonyeza herufi moja moja. Ukikosea katikati ya ukurasa unaanza upya. Mama Nukta akakaa na moja, mwalimu na nyingine. Binti akamsomea mama yake. Na nani amsomee mwalimu? Fundi, aliyelala chali sakafuni kwa sababu hakuweza kukaa, aliomba apewe karatasi. Akaishika juu ya uso wake kwa mikono iliyofungwa bandeji, akasoma swali baada ya swali, na mikono ilipochoka aliishusha kifuani, akapumua, akaendelea. Hakuna aliyemwambia pole, naye hakuidai. Walifanya hivyo Jumapili nzima na Jumatatu mpaka saa sita.

Walimaliza karatasi tano. Hisabati na jiografia hazikuwahi.

Hizo mbili watoto walisomewa kwa sauti na msimamizi. Watatu walijikongoja wakafaulu. Wa nne, msichana ambaye mwalimu husema ndiye mwenye vidole vyepesi kuliko wote, alikuwa amezoea kulisoma swali la hisabati mara tatu, nne, mpaka lifunguke. Siku ile aliona aibu kumwomba msimamizi arudie kila mara. Muda ukaisha akiwa amejibu nusu tu. Akatakiwa kurudia mwaka.

Mwalimu ndiye aliyeleta habari hizo, akazisema bila kuzizunguka. Fundi alisikiliza mpaka mwisho. Alipoweza kutembea, kwa fimbo, alikwenda shuleni, akaomba aitiwe yule msichana. Wakakaa kwenye benchi nje ya darasa, mwalimu akiwa kando. Fundi akamweleza yote: kundi, alama, mashindano, flashi. Hakuutaja mgongo wake.

Msichana alikunja na kukunjua pindo la sare yake.

"Kwa hiyo ilikuwa inafanya kazi vizuri tu?" aliuliza.

"Vizuri tu."

"Sasa, baba, mlikuwa mnaikimbiza iende wapi?"

Fundi alifungua mdomo. Kengele ikalia, msichana akainuka, akapapasa ukuta, akarudi darasani.

Mama Nukta sasa anafanyia kazi shuleni, kwenye kompyuta ya ofisi ya mwalimu mkuu, na anakirudia kile kitabu cha historia kuanzia sura ya nne. Fundi yupo. Kila siku baada ya chakula cha mchana huenda huko kwa fimbo yake, hukaa kiti cha pembeni, humsomea mkewe kwa sauti. Wanaongea kidogo. Siku moja alitamka neno vibaya, binti akamcheka, na Mama Nukta akatabasamu kabla hajajizuia. Ni mwanzo. Siwezi kuwaambia ni zaidi ya hapo.

MAFUNZO YA HADITHI HII

Ndugu zangu, kila kifaa kina kiasi cha nguvu kilichopewa, na anayekilazimisha kupita hapo anacheza na kazi, mali na uhai wa waliomo ndani. Kama mashine ni kuukuu na kisanduku chake cha umeme ni dhaifu, iache iende mwendo wake. Ikizima yenyewe, ikipiga mluzi, ikinuka, imeshakuambia. Zima, muulize anayejua, na ukijibiwa usitafute sababu ya kutomwamini. Na kazi yenye thamani isikae mahali pawili tu, tena ambapo mkono mmoja unaweza kupafikia pote kwa siku moja.

Lakini mashine hutengenezeka. Zaidi ya hilo, tuwaangalie watu wetu waliokaa nyumbani bila kuitwa na mtu. Fundi hakuwa mlafi wala mtu mbaya. Alikuwa na njaa ya kusikia "umefanya vizuri," na aliipata kwa watu wasiomjua jina, huku waliomjua wakiwa chumba kimoja naye. Tuwape wenzetu kazi ndogo, tuwashukuru kwa sauti. Na wewe unayepongezwa na wageni simuni, geuza shingo umtazame anayekuomba kitu kimoja tu kwa siku moja tu. Mama Nukta aliomba siku moja. Hakuipata, na mtoto wa watu akalipa mwaka.